Futi 163 Zilizokosekana

Nyumba tuliyokulia ilikuwa upande mmoja wa bonde, na ng'ambo aliishi mzee mmoja aliyekuwa akipasua kuni kila jioni. Nikiwa nimeketi mlangoni nilimwona akilishusha shoka juu ya gogo, lakini sikusikia kitu. Mlio wake, ko!, ulinifikia shoka likiwa limekwisha kuinuliwa tena juu ya kichwa chake, kana kwamba alikuwa akiipasua hewa badala ya mti. Miaka kadhaa baadaye mwalimu wa sayansi alitueleza kwamba mwanga hufika papo hapo lakini sauti husafiri, na kwamba kasi yake hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Akaiandika namba hiyo ubaoni, tukainakili, tukaendelea na somo la mwangwi. Hakutuambia kwamba watu waliihangaikia kwa karibu karne mbili, wala kwamba kwa zaidi ya miaka 100 hesabu ya mwanafizikia aliyeheshimiwa kuliko wote ilipungukiwa na futi 163, na hakuna aliyejua zimekwenda wapi.

Tuanze na mambo yaliyokuwa yakifahamika kabla ya mtu yeyote kupima. Wagiriki wa kale walikwisha kutambua kwamba sauti huhusiana na mtikisiko wa hewa. Aristotle aliliandika jambo hilo waziwazi. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, msanifu majengo wa Kirumi aitwaye Vitruvius, ambaye shida yake ilikuwa kujenga kumbi ambamo watazamaji wa nyuma nao wangesikia, aliifananisha sauti na viduara vinavyotanuka juu ya maji yaliyotulia baada ya jiwe kutumbukia. Alitofautisha kitu kimoja tu: viduara vya maji hutambaa juu ya uso wa maji, ilhali sauti hutanuka pande zote, kwenda juu pia. Ni mfano mzuri, na mpaka leo walimu tunautumia. Hata hivyo mfano haukupi namba, na kwa miaka zaidi ya 1,600 iliyofuata hakuna aliyeitafuta namba hiyo kwa bidii.

Sababu mojawapo ya kuchelewa huko ilikuwa saa. Ili upime kasi unahitaji umbali na muda, na umbali haukuwa na taabu kwa watu waliokuwa wakipima mashamba tangu zama za Mafarao. Muda mfupi, kama sekunde moja au nusu yake, ndio uliokosa chombo. Hali ilibadilika Galileo alipoichunguza pendulamu, yaani kitu kizito kilichoning'inizwa kwa uzi, na kuona kwamba ubembeaji wake huchukua muda uleule kwa urefu uleule wa uzi. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye uzi na kipande cha risasi aliweza kujitengenezea kigawa sekunde.

Wa kwanza kukitumia kwa sauti kwa uzito alikuwa Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyependa muziki na hesabu kwa kiasi sawa, na aliyechapisha kazi yake kubwa kuhusu sauti mwaka 1636. Alitumia njia mbili. Katika ya kwanza, bunduki ilifyatuliwa mbali. Mtazamaji aliuona mmweko, akahesabu mibembeo hadi mlio ulipowasili. Njia ya pili inanipendeza zaidi kwa sababu haihitaji baruti. Mersenne alitamka maneno mawili ya Kilatini yenye silabi saba, ambayo kwa ulimi wake yalimalizika ndani ya sekunde moja, akitafuta umbali kutoka ukutani ambapo mwangwi ungeanza kurudi mara tu silabi ya saba ilipomtoka kinywani. Akipata umbali huo, anauzidisha kwa mbili, na hiyo ndiyo njia ambayo sauti imesafiri kwa sekunde moja.

Tatizo ni kwamba njia hizo mbili hazikukubaliana. Mwangwi ulimpa karibu mita 320 kwa sekunde, na bunduki ikampa karibu mita 450. Mwenzake Pierre Gassendi, akitumia bunduki vilevile, alipata karibu mita 480. Namba ya Gassendi ilikuwa mbovu, lakini jaribio lake lilituachia jambo moja la kudumu: alilinganisha mzinga na bunduki ya mkononi, akaona kwamba mlio mzito na mlio mwembamba hufika kwa muda uleule. Dhana ya zamani kwamba sauti nyembamba hukimbia kuliko nzito ikazikwa. Tungekuwa tumeikataa hata bila Gassendi, kwani kama ingekuwa kweli, ngoma ikisikika kutoka kijiji cha pili pamoja na zumari, zumari ingetangulia na wimbo ungevurugika.

Kwa nini bunduki ilidanganya kiasi hicho? Mtu anaweza kulaumu pendulamu, au upepo, au kipimo cha umbali, na pengine yote yalichangia. Kubwa zaidi, nadhani, ni ufupi wa umbali wenyewe. Sauti ikisafiri kwa sekunde mbili tu, kosa la nusu sekunde la jicho na mkono huiharibu hesabu yote. Ikisafiri kwa dakika nzima, kosa hilohilo halina madhara. Dawa ilikuwa kwenda mbali zaidi. Mwaka 1656 mjini Florence, Giovanni Borelli na Vincenzo Viviani waliotumia mizinga kwa uangalifu zaidi walishuka hadi karibu mita 350, na huko ndiko vipimo vizuri vyote vilivyofuata vilikozunguka.

Wakati huohuo kulikuwa na ubishi mwingine: je, ni hewa kweli inayobeba sauti? Huko Roma bomba refu lilijazwa maji na kuachwa yashuke, ili nafasi tupu ibaki juu yake, na ndani ya nafasi hiyo kukawekwa kengele. Ilipogongwa, ikasikika. Athanasius Kircher, padri Mjesuiti aliyeisimulia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1650, aliona kwamba basi nafasi ile haikuwa ombwe hata kidogo. Mwaka 1660 Mwingereza Robert Boyle, akiwa na pampu ya kunyonyea hewa iliyoundwa na Robert Hooke, aliining'iniza saa ya mfukoni kwa uzi ndani ya chupa kubwa ya kioo na kuitoa hewa polepole; tiki-tiki ya saa ikafifia mpaka ikapotea, na hewa iliporudishwa ikasikika tena. Nani alikuwa na haki? Wote waliripoti walichokisikia. Kengele ya Roma ilikuwa imeshikizwa kwenye kitu kigumu, na sauti ikapenya kupitia kishikizo hadi nje bila kuhitaji hewa ya ndani. Boyle aliutumia uzi laini, na uzi laini ni njia mbaya ya sauti.

Miaka miwili baadaye Boyle alichapisha kanuni ambayo bila hiyo hadithi yetu isingeendelea. Hewa ni kama springi: ukiibana ikae katika nusu ya nafasi yake, husukuma kwa nguvu mara mbili, ukiibana hadi theluthi, husukuma mara tatu. Kanuni hii ni sahihi, ila ina sharti ambalo halikuandikwa: hewa inayobanwa ipewe muda wa kurudia joto lake la mwanzo. Boyle alibana kwa kumimina zebaki taratibu ndani ya bomba la kioo, kwa hiyo sharti lilitimia lenyewe na hakuwa na sababu ya kulitilia maanani. Naomba msomaji alikumbuke sharti hili.

Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha Principia, na katika kitabu cha pili cha kazi hiyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijaribu: kuikokotoa kasi ya sauti kwa kalamu, bila kumsikiliza mtu. Hoja yake inaeleweka hata bila aljebra. Wafikirie wanafunzi waliojipanga mstarini, kila mmoja akiwa ameweka mikono mabegani mwa aliye mbele yake. Ukimsukuma wa mwisho, msukumo utapita mpaka mbele ingawa kila mmoja ameyumba kidogo tu na kurudi alipokuwa. Msukumo utapita haraka kadiri mikono ilivyo migumu, na utapita polepole kadiri miili ilivyo mizito. Katika hewa, ugumu wa mikono ni shinikizo, na uzito wa miili ni densiti. Newton alionyesha kwamba ukigawanya shinikizo kwa densiti na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, umeipata kasi ya sauti.

Alipoweka namba alipata futi 968 kwa sekunde, sawa na mita 295. Alitaka pia kuhakikisha, basi akaenda kwenye ujia wenye nguzo katika chuo cha Trinity, Cambridge, wenye urefu wa futi 208, akapiga kishindo upande mmoja na kuusikiliza mwangwi kutoka upande wa pili, huku akiirefusha na kuifupisha pendulamu mpaka mbembeo mmoja ulingane na kurudi kwa mwangwi. Sauti ilikwenda na kurudi kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwa kipimo cha namna hiyo aliweza kusema tu kwamba kasi iko kati ya futi 900 na 1,100 hivi. Namba yake, 968, ilikaa humo bila kubanwa. Kwa hiyo mwaka 1687 hapakuwa na tatizo lolote.

Tatizo lililetwa na kasisi wa mashambani. William Derham aliongoza parokia ya Upminster, katika jimbo la Essex, mashariki mwa London, na inaelekea kazi za parokia zilimwachia nafasi ya kutosha. Aliziorodhesha kasi za sauti zilizowahi kutolewa na wakubwa, akaona aibu: zilianzia futi 968 za Newton na kufika 1,474 za Mersenne. Akapanda mnara wa kanisa lake akiwa na darubini na pendulamu ya nusu sekunde. Ng'ambo ya mto Thames, huko Blackheath, umbali wa zaidi ya maili 12, mizinga ilifyatuliwa kwa ajili yake usiku. Derham aliuona mmweko, akaanza kuhesabu, na mlio ukamfikia baada ya kama dakika nzima.

Dakika moja ya kusubiri ndiyo iliyoleta tofauti. Kosa la mkono likawa dogo kiasi cha kutohesabika, na mambo madogo ambayo hapo awali yalikuwa yamefichwa na kosa hilo yakajitokeza. Derham aliona kwamba upepo ukivuma kutoka Blackheath mlio uliwahi, na ukivuma kuelekea huko ulichelewa, kwa tofauti ya sekunde kadhaa. Aliona pia kwamba mlio mkubwa na mdogo hukimbia sawa. Lakini aliamini kwamba majira ya joto na ya baridi hayana athari, na hapo alikosea. Namba yake ya mwisho, aliyoitangaza katika jarida la chama cha wanasayansi cha London mwaka 1709, ilikuwa futi 1,142 kwa sekunde, yaani mita 348. Ni kubwa kidogo kuliko inavyostahili, lakini ilikuwa imara kuliko zote zilizotangulia.

Newton alikuwa akiandaa toleo la pili la Principia chini ya usimamizi wa mhariri Roger Cotes. Alirekebisha uzito wa hewa katika hesabu yake na kupata sura nzuri ya kueleza jibu: kama hewa ingekuwa na densiti moja kutoka ardhini hadi juu, angahewa ingekuwa na kimo cha futi 29,725, na kasi ya sauti ni ile ambayo jiwe lingeipata likianguka nusu ya kimo hicho. Jibu lilikuwa futi 979. Toa katika 1,142 za Derham: zinabaki 163, sehemu ya sita kamili ya 979. Safari hii hapakuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu kipimo cha Derham hakikuacha pengo la namna hiyo.

Alichokifanya Newton hapo kimebishaniwa mpaka karne yetu, kwa hiyo tukitazame kwa karibu. Toleo la mwaka 1713 linatoa maelezo mawili. La kwanza: chembe za hewa ni ngumu, nafasi kati ya chembe na chembe ni mara nane au tisa ya upana wa chembe yenyewe, na sauti huivuka chembe ngumu papo hapo bila kupoteza muda. Hilo linaongeza futi 109, tunafika 1,088. La pili: ndani ya hewa mmechanganyika mvuke usioshiriki katika mtikisiko. Ikiwa sehemu moja kati ya kumi na moja ni mvuke, basi kinachotikisika ni chepesi zaidi, na kasi inapanda kidogo tena. Inapanda mpaka wapi? Mpaka futi 1,142.

Mwaka 1973 mwanahistoria Richard Westfall aliandika makala kali akidai kwamba hapa Newton alipika namba: alilijua jibu kwanza, kisha akachagua upana wa chembe na kiasi cha mvuke ili alifikie. Wanaomtetea husema kwamba hakuficha kitu, kwani dhana zake aliziandika peupe, na kwamba mnamo 1713 hakuna aliyeujua upana wa chembe za hewa wala wingi wa mvuke, hivyo makisio yoyote yalikuwa halali. Mimi naona pande zote mbili zina jambo. Kudhania si kosa. Bila dhana fizikia haiendi. Kasoro ni kwamba dhana hizo hazikupewa nafasi ya kushindwa. Kama kweli mvuke ungekuwa na athari kubwa hivyo, siku ya ukungu mzito ingekuwa na kasi tofauti kabisa na siku kavu, na Derham alikwisha kusema kwamba ukungu haukumpa tofauti hiyo. Ushahidi ulikuwa mezani, na ukapitwa.

Jina la Newton lilikuwa kubwa mno, na kwa miaka mingi wengi waliridhika. Kilichofanyika katika karne hiyo ni kupima vizuri zaidi. Mwaka 1738 Akademia ya Sayansi ya Paris iliwatuma Cassini de Thury, Maraldi na La Caille wapige mizinga usiku kati ya vilima vya pembezoni mwa mji, na wakapata mita 337 kwa sekunde katika hewa ya baridi. Miaka miwili baadaye Giovanni Bianconi wa Bologna alilisahihisha kosa la Derham kwa kuonyesha kwamba sauti hukimbia zaidi majira ya joto. Mfaransa La Condamine, aliyekuwa Amerika ya Kusini katika msafara wa kupima umbo la dunia, alipiga mzinga Quito, mji wa milimani wenye ubaridi, na baadaye akapiga mwingine Cayenne, pwani ya joto. Cayenne ilikuwa na kasi zaidi. Vipimo hivi viliusogeza ukweli karibu, kwa kuwa vyote vilinong'ona neno moja, joto, lakini vilinong'ona habari za joto la hewa iliyotulia. Lililokosekana lilikuwa joto jingine.

Wanahisabati nao hawakulala. Leonhard Euler na kijana Joseph-Louis Lagrange, mnamo 1759, waliijenga upya nadharia ya sauti kwa hesabu safi kuliko za Newton, bila chembe ngumu wala mvuke. Jibu likawa lilelile la Newton, pamoja na upungufu wake. Euler akadhani labda mtikisiko mkubwa husafiri haraka kuliko mdogo, lakini hilo lilipingana na mizinga na bunduki za Gassendi. Lagrange aliona kwamba pengo lingezibika kama shinikizo lingepanda haraka kuliko Boyle alivyosema, lakini hakuwa na sababu ya kudai hivyo, naye akaliacha. Alikuwa ameugusa mlango wenyewe.

Ili kuuelewa ufunguo, chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu kwa kidole, sukuma mpini kwa nguvu mara kumi, kisha shika sehemu ya chini ya pampu: ina moto. Mafundi baiskeli wengi watakuambia ni msuguano wa wosha ya ngozi ndani ya bomba, na si uongo kabisa, kwa kuwa msuguano upo. Lakini rudia bila kuziba tundu, kwa idadi ileile ya misukumo. Wosha imesuguana vilevile, na joto limepungua sana. Joto kubwa linatoka kwenye hewa iliyobanwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wafaransa walikuwa na kifaa cha kuwashia moto kwa njia hiyo: bomba dogo lenye pistoni ambalo likipigwa kwa nguvu hewa yake huchoma kipande cha kitu kikavu kilichowekwa chini. Injini ya dizeli, ambayo haina plagi ya cheche, huishi kwa siri hiyohiyo.

Pierre-Simon Laplace ndiye aliyeliunganisha jambo hili na sauti. Alimdokezea kijana Jean-Baptiste Biot, ambaye aliandika kuhusu hilo mwaka 1802, na yeye mwenyewe akaitangaza kanuni kamili mwaka 1816. Hoja yake ni hii. Sauti inapopita, hewa hubanwa hapa na kutanuliwa pale, kisha panabadilishana, mamia ya mara kwa sekunde. Mahali palipobanwa hupata joto kidogo, na palipotanuka hupoa kidogo. Ili kanuni ya Boyle ifanye kazi, joto hilo lingepaswa kuhama kutoka palipobanwa hadi palipotanuka, umbali ambao kwa sauti ya kawaida ya mtu unaweza kufika nusu mita au zaidi, kabla pande hazijabadilishana. Hewa ni mpitishaji mbaya sana wa joto, na haiwezi. Joto hubaki lilipozaliwa, na hewa yenye joto husukuma zaidi. Ukiibana hewa taratibu hadi nusu ya nafasi yake, shinikizo huongezeka mara mbili. Ukiibana ghafla, huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Mikono ya wanafunzi wetu mstarini ilikuwa migumu kuliko Newton alivyodhani.

Ni migumu kwa kiasi gani? Laplace alijibu kwa kulinganisha vipimo viwili vya joto. Hewa iliyofungiwa ndani ya chombo hupanda digrii moja kwa kiasi fulani cha joto. Hewa iliyo huru kutanuka huhitaji kiasi kikubwa zaidi kwa digrii hiyohiyo. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, tafuta kipeuo cha pili, na uzidishe kasi ya Newton kwa jibu hilo. Vipimo vya Delaroche na Bérard vya mwaka 1813 vilimpa uwiano wa 1.5, na kasi ya mita 345.9, wakati Akademia ilikuwa imepima 337.18. Sasa kasi ilizidi.

Hapa ndipo Laplace alipopata nafasi ya kufanya alichokifanya Newton. Angeweza kuutia mvuke kidogo, upande wa pili safari hii. Aliliacha pengo likae wazi, akisema kwamba kipimo cha joto ndicho cha kutiliwa shaka. Clément na Desormes, kisha Gay-Lussac na Welter, walipima upya na kupata karibu 1.35 na 1.37. Leo tunajua uwiano wa hewa ni 1.40, na kipeuo chake ni 1.18: hiyo ndiyo sehemu ya sita iliyokuwa imepotea, pamoja na ziada kidogo. Cha ajabu ni kwamba Laplace aliamini joto ni aina ya kimiminika kisichoonekana kinachokamuliwa kutoka kwenye hewa kama maji kwenye sponji. Kimiminika hicho hakipo. Kanuni yake ilinusurika kwa sababu ilihitaji tu kwamba joto lizaliwe na lisitoroke.

Vipimo vya sauti navyo vilihitaji kurudiwa. Usiku wa tarehe 21 na 22 Juni 1822, Arago, Gay-Lussac, Humboldt na wenzao waligawanyika makundi mawili, moja Villejuif na jingine Montlhéry, umbali wa kilomita 18.6, wakafyatuliana mizinga kwa zamu ili upepo ujifute wenyewe: anayesaidiwa kwenda azuiwe kurudi. Milio ya Montlhéry ilisikika vizuri Villejuif, lakini mingi ya Villejuif haikusikika kabisa Montlhéry. Kwa iliyosikika, walipata mita 340.9 kwa sekunde katika digrii 15.9. Pengo kati yake na hesabu ya Laplace, kwa uwiano mpya, likawa kama mita 3.

Ushahidi mwingine, ambao mimi naupenda kuliko mizinga yote, ulitoka majini. Mwezi Novemba 1826 Daniel Colladon na Charles Sturm walipeleka mashua mbili Ziwa Geneva, moja upande wa Rolle na nyingine upande wa Thonon, zikiwa zimeachana kilomita 13 na nusu. Chini ya mashua ya kwanza ilining'inia kengele ndani ya maji, na nyundo yake iliunganishwa na wenzo ulioshusha utambi kwenye baruti: nyundo ikigonga, baruti inamweka. Katika mashua ya pili Colladon aliinama gizani, sikio likiwa kwenye ncha ya tarumbeta ndefu ya bati iliyofunikwa mdomo na kuzamishwa majini, macho yakielekea ng'ambo. Mmweko, halafu sekunde tisa na kidogo, halafu mlio mkavu kama visu viwili vikigonganishwa. Kasi: mita 1,435 kwa sekunde. Waliyakokotoa pia maji kwa kanuni ya zamani ya Newton, bila marekebisho ya Laplace, wakapata 1,428. Kwa nini Newton alitosha majini na hakutosha hewani? Kwa sababu maji baridi yakibanwa hayapati joto la maana. Palipo na joto la kubanwa pengo lilikuwepo, na pasipo nalo halikuwepo.

Kutoka hapo swali liligeuzwa. Kama kasi ya sauti inapatikana kwa urahisi, na uwiano wa vipimo vya joto unapatikana kwa taabu, kwa nini usipime cha kwanza ili kukijua cha pili? Mwaka 1829 Pierre Dulong aliupata uwiano wa hewa kwa kusikiliza noti za mabomba kama yale ya kinanda cha kanisani: 1.421.

Aliyeichukua namba hiyo na kuipeleka mbali alikuwa daktari, Julius Robert Mayer, Mjerumani aliyekwenda Java mwaka 1840 akiwa tabibu wa meli ya Kiholanzi. Alipowatoa mabaharia damu, aliona damu ya mishipa ya kurudisha moyoni ni nyekundu kuliko alivyoizoea kwao kwenye baridi, akafikiri kwamba mwili katika nchi ya joto huunguza chakula kidogo zaidi. Wazo hilo lilimfikisha kwenye jingine: joto na kazi ni sarafu mbili za thamani moja, na lazima kuwe na kiwango cha kubadilishia. Wapi pa kukisoma kiwango hicho? Kwenye hewa ya Laplace. Joto la ziada linalohitajika hewa inapoachwa itanuke ndilo linalolipia kazi ya kulisukuma anga juu. Mwaka 1842 Mayer aliandika jibu lake: joto la kupasha maji digrii moja linalingana na kuyaangusha maji hayohayo kutoka kimo cha mita 365 hivi.

Jibu hilo lilikuwa dogo mno. Linalokubalika sasa ni karibu mita 427. Uwiano wa Dulong haukuwa na kosa kubwa. Kosa lilikuwa katika kiasi cha joto la hewa, 0.267, ambacho Mayer alikitoa katika vipimo vya Delaroche na Bérard vya mwaka 1813, walewale waliomponza Laplace. Katika miaka ya 1850 Victor Regnault alikipima upya, akapata chini ya 0.24, na ukiiweka namba hiyo katika hesabu ya Mayer bila kugusa kingine, kimo kinapanda na kupita mita 400.